Maswali ya Waingereza kwa Mama Yangu

Jumanne, 13 Januari

Mama amelimwagia ua chai tena. Nimekuta kipande cha tangawizi juu ya udongo. Kipande kizima.

Ua lenyewe si langu. Ni la Profesa, msimamizi wa tasnifu yangu. Alinikabidhi kabla ya Krismasi alipokwenda kwa wazazi wake, karudi, na hadi leo hajalichukua. Kule nyumbani Machame Mama angemwaga nje ya mlango wa jikoni, chini, yakaisha. Hapa Scarborough, Kanada, tuko ghorofani juu kabisa. Udongo pekee ndani ya nyumba ni huo wa kwenye chungu.

Tone la kwanza la chai ni la Baba. Baba alifariki mwaka juzi. Akishamwaga anavuta kiti na kuanza kumsimulia: baridi ya huku, bei ya nyanya, jirani anayefuga mbwa mwenye koti, na mimi ambaye sijaolewa. Hilo la mwisho halikosi. Nasikia kila neno nikiwa napiga mswaki.

Nimemwambia ua litakufa. Kaniuliza mbona limenawiri. Kweli limenawiri. Ndiyo maana nimezidi kuudhika.

Sura ya tatu: sentensi moja. Nimeifuta.

Alhamisi, 15 Januari

Profesa ameirudisha sura ya tatu. Anasema imekauka. Miaka minne ya maisha yangu, eti imekauka!

Hebu nijieleze mwenyewe kwa mara nyingine, huenda leo nikaelewa. K. ni mwanazuoni wa Kijapani, alishafariki siku nyingi. Alilelewa kijijini na bibi yake na wanawake wa jirani. Kila asubuhi bibi aliweka bakuli dogo la wali mbele ya madhabahu ya nyumbani, akamsimulia marehemu mumewe habari za nyumba. K. alipokuwa kijana aliandika kurasa kadhaa juu ya bibi huyo, na mimi sijasoma kitu kizuri kuliko kurasa zile.

Kisha akaanza kusoma majarida ya wale mabwana wa Uingereza waliojipa kazi ya kuchunguza mizimu kwa njia ya kisayansi. Watu wazima, wana ndevu na shahada, wamekaa gizani wameshikana mikono wakingoja mzimu ugonge meza. Walikuwa na maswali yao ya kuwauliza watu: umewahi kumwona asiyekuwepo? Ulikuwa macho? Mara ngapi? Nani shahidi? K. akayapenda kupita kiasi. Akayatafsiri kwa Kijapani, akarudi kijijini, akawauliza wanawake waliomlea. Tangu hapo hakuandika tena habari za bakuli la wali. Ikawa ushahidi, ushahidi, ushahidi. Roho inabaki au haibaki?

Tasnifu yangu inaeleza alivyobadilika. Profesa anataka kujua kwa nini mtu ajali. Swali la uchokozi hilo.

Kanishauri niyajaribu yale maswali kwa mtu aliye hai, nione yanafanya kazi vipi. Mtu gani? Nikamgongee mwenye mbwa?

K. naye alilalamika jambo moja. Wale wanawake walimjibu ndiyo kwa kila kitu. Akahitimisha kwamba ni wepesi wa kuamini. Nami nimeandika hivyohivyo, na tanbihi nimeweka.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepata mtu. Yuko jikoni kwangu.

Mama alikuwa anamenya ndizi, mikono kaipaka mafuta utomvu usimgande. Nikaweka simu mezani kurekodi, nikamwambia ni kazi ya shule, anijibu tu. Akanyoosha mgongo, akafuta mikono. Kazi ya shule kwa Mama ni jambo kubwa. Aliuza ndizi hizohizo ili sisi tusome.

Swali la kwanza hakulielewa. Nilimuuliza kama amewahi kumwona Baba tangu afariki, akasema hapana, amwone wapi. Nikalirudia polepole. Akaniangalia usoni kwa muda. Akasema ndiyo.

Basi hapo mlango ukafunguka. Unamsikia sauti? Ndiyo. Ukiwa macho, si ndotoni? Ndiyo, macho kabisa. Alishakugusa? Ndiyo. Wapi? Akafikiri. Begani. Mara ngapi kwa wiki? Akaniuliza wengine husema mara ngapi. Nikamwambia asijali wengine. Akasema mara tatu.

Nimeishi na hazina ndani ya nyumba, na kazi yangu imekuwa kugombana nayo juu ya ua.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada tumekwenda kwa Eli, Markham. Eli ni kaka yangu, mtu wa kompyuta. Mke wake Wanjiru ni Mkenya, nesi, na ndiye mtu pekee kwenye ile nyumba anayesikiliza kabla ya kujibu. Watoto tunawasemesha Kiswahili, wao wanajibu Kiingereza, Mama anawajibu Kichaga, na chakula kinaliwa.

Nikajisifu. Sikuweza kujizuia. Mama alipokwenda kuwasalisha watoto mezani kwao nikawaeleza Eli na Wanjiru matokeo yote: anamwona, anamsikia, begani, mara tatu kwa wiki. Nilidhani watashangilia. Eli aliweka uma chini. Akaniomba nimtumie nilichorekodi, nikamtumia palepale mezani.

Wanjiru aliniuliza swali moja tu: je, Mama amekuwa akisahau vitu? Nikasema mbona hasahau, juzi kanikumbusha mtu niliyeachana naye tangu chuo.

Jumatano, 21 Januari

Sura inaandikika! Kurasa zinamiminika. Majibu ya Mama upande mmoja, ya wale wanawake wa kijiji cha K. upande wa pili, na yanafanana kama mapacha. Nimemtumia Profesa. Amejibu ndani ya saa, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Anataka niiwasilishe kwenye semina ya idara mwezi ujao. Ameandika kwamba hatimaye kuna damu ndani yake.

Nimenunua samaki. Mama kauliza sherehe ya nini. Nimemwambia amenisaidia shule. Kafurahi, akaenda kumwambia Baba. Ua limepata chai mara mbili.

Jumamosi, 24 Januari

Eli amepiga simu. Amempangia Mama miadi ya daktari wa kumbukumbu. Hajaniuliza, ananiarifu tu.

Nikamwambia Mama haumwi. Akasema mtu anayeguswa begani na marehemu mara tatu kwa wiki anaumwa, na wewe badala ya kumpeleka hospitali unamwandikia sura. Nilikata simu. Kisha nikapiga mwenyewe ili nikate tena, hakupokea.

Alikuwa kaanza na ile sufuria ambayo Mama aliiunguza mwezi wa kumi na mbili. Sufuria! Mimi nimeunguza wali wiki hii. Nifungiwe wapi?

Alhamisi, 29 Januari

Nimejua leo, na kwa bahati tu. Wanjiru alidhani nimeshaambiwa.

Eli ametafsiri mahojiano yangu yote kwa Kiingereza na kuyapeleka kwa daktari. Maswali yangu. Kazi yangu. Si hilo tu: ameshakwenda kutazama nyumba ya wazee. Wanjiru alikwenda naye. Ni safi, anasema, wahudumu wapole, ila ghorofa ya watu wenye shida ya akili mlango wake unafunguliwa kwa namba, na wanaokaa ndani hawapewi namba. Nafasi ipo. Wanangoja neno la daktari.

Mama haelewi Kiingereza cha kutosha hata kuomba maji ya moto. Atakaa humo anaongea na nani? Chai yao ni ya mfuko mmoja kwenye kikombe, haina maziwa wala tangawizi. Na akimwaga tone la kwanza sakafuni wataandika kwenye faili kwamba hawezi kushika kikombe.

Kwa hasira nilikaa kwenye ngazi za maktaba na koti langu, watu wananiruka.

Ijumaa, 30 Januari

Nimeanza kumchunguza Mama. Najichukia lakini nafanya. Leo asubuhi nilisimama nyuma ya mlango nimsikilize akiongea na Baba, nione kama anangoja ajibiwe. Wale mabwana wa Uingereza wangenipa kazi.

Sikuona kitu. Alisema habari za theluji, akasema Eli amenenepa, kisha bila kugeuka akaniambia nitoke nyuma ya mlango, kuna upepo.

Jumanne, 3 Februari

Niseme ukweli humu, kwa kuwa hakuna asomaye.

Kama Mama anamwona Baba kweli, yaani kwa macho, basi Eli ana haki ya kuogopa. Kama hamwoni, sura yangu ya tatu ni takataka. Siku zote hizi nimekuwa nikiomba Mungu Mama awe anamwona, lakini kidogo, kiasi cha tasnifu tu, asifike kwa daktari. Sala gani hiyo. Nimechoshwa na mimi mwenyewe.

Profesa ameleta tangazo la semina. Jina langu limeandikwa vizuri, jambo la nadra. Kauliza habari za ua lake.

Ijumaa, 6 Februari

Leo.

Tulikwenda wote watatu. Eli alijifanya mkalimani, mimi nikakaa pembeni. Daktari ni mtu mwema, anaongea taratibu, kichwa amekiinamisha. Alikuwa na mahojiano yangu mbele yake yamepigwa mistari.

Akauliza kama bado anamwona mumewe. Eli akatafsiri. Mama hakumtazama daktari, wala Eli. Alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo, nikimaanisha hapana Mama, usiseme. Akaniangalia kwa mashaka, kisha akakaa sawa kama siku ile ya ndizi.

Ndiyo, akasema.

Anakuongelesha? Ndiyo. Anakugusa? Ndiyo, begani. Mara ngapi? Tatu. Alijibu haraka, bila kukosea hata moja. Daktari akaandika. Eli akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika koti la Mama na nilijua linaanguka, sikuliokota.

Tulipotoka kwenye korido Mama alinivuta pembeni, Eli asisikie. Uso ulikuwa unang'aa. Akaniuliza, "Nimejibu vizuri? Umefaulu?"

Sikumwelewa. Yaani kwa sekunde nzima sikumwelewa. Kisha nikaelewa. Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mama, unamwona Baba?"

"Nimwone wapi? Si amekufa? Nyie watoto mna nini?"

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

Akakasirika. Mama akikasirika anashusha sauti. Akasema aliponiambia hapana ile siku ya kwanza, uso wangu ulianguka kama mtu aliyefiwa. Akajua jibu linalotakiwa shuleni ni ndiyo. Basi akanipa ndiyo. Tangu aje ananiona nalia na kompyuta, leo anaombwa neno moja tu, aninyime? Na huyu daktari alipouliza maswali yaleyale, akajua ndiye mwalimu wangu mkubwa.

Nikamuuliza, na kule kuongea na Baba asubuhi je? Akaniangalia kwa huruma, ile ya kumwangalia mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Nampa habari. Mtu akifa ndiyo asipewe habari za nyumbani kwake?"

Nilikwenda chooni. Nililia, nikacheka, nikalia. Mtu akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Sijui nilijibu nini.

Jumamosi, 7 Februari

Eli haamini. Nimempigia mara nne. Anasema nimebadilisha maneno kwa sababu namhitaji Mama anipikie. Anasema jana alimsikia kwa masikio yake, kwa daktari, na bila kusita. Namwambia alikuwa ananisaidia kufaulu. Anasema kufaulu nini. Namwambia tasnifu. Kisha akasema kwamba maelezo hayo yanatisha kuliko mzimu.

Yuko sawa kidogo, mjinga yule.

Mama nimemweleza kila kitu: daktari ni wa nini, nyumba ya wazee, mlango wa namba. Nilidhani atalia. Aliuliza tu kama Eli alikwenda kuiona ile nyumba kabla au baada ya Krismasi, kwa sababu Krismasi alimlisha kitoweo cha nguvu. Hajamwagia ua chai leo. Hajaongea na Baba. Anaogopa kuongea ndani ya nyumba yangu, na mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo.

Jumapili, 8 Februari

Hatukwenda ibadani. Mama kasema anaumwa mguu. Haumwi mguu.

Chai kanywa yote, kikombe kikavu. Nyumba kimya. Sikujua ninavyoitegemea ile bei ya nyanya.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia Profesa. Sikuzunguka: mahojiano hayafai, mtoa habari alijibu alichodhani nakitaka, naiondoa sura. Akageuza geuza kalamu. Akaniuliza kama nina hakika, maana semina imeshatangazwa. Nikasema nina hakika. Akauliza kama inawezekana kubakiza sehemu. Nikamwambia sehemu gani, bega?

Nilitoka pale nimekasirika kupita kiasi, naye, na mimi, na K. Hasa K. Nikaenda kumsoma upya, kwa ubaya, kama mtu anayetafuta ugomvi. Nikafika pale anapolalamika kwamba wanawake wa kijiji walimjibu ndiyo kwa kila kitu.

Jamani.

Wale wanawake walimlea. Walimwona anakwenda Tokyo na jozi moja nzuri ya viatu. Leo karudi, kavaa suti, kakonda, ana karatasi ya maswali yaliyotoka Uingereza, na kila wakisema hapana uso unaanguka. Ungemjibu nini? Naye akarudi mjini akaandika kwamba ni wepesi wa kuamini. Nami nikaweka tanbihi.

Walikuwa wanampenda. Ndiyo ushahidi pekee uliomo mle, na hakuuona. Maisha yake yote yaliyobaki alibishana na mabwana asiowahi kukutana nao kama roho ipo au haipo. Ya bibi yake hakuyagusa tena, wala hakuwahi kuandika tena bibi alikuwa akimwambia nini mumewe.

Na mimi je? Mama anaongea sebuleni kwangu kila siku tangu aje. Nimemuuliza kama anaona, kama anasikia, mara ngapi. Sijamuuliza anamwambia Baba nini kuhusu mimi, zaidi ya kuolewa.

Jumanne, 10 Februari

Wanjiru kaingilia kati. Mungu ambariki. Kamwambia Eli kwamba kazini kwao mtoto haruhusiwi kumtafsiria mzazi kwenye mambo kama haya, na yeye anajua hilo tangu mwanzo, ila alinyamaza kwa sababu mume wake alikuwa na hofu. Anataka miadi irudiwe, na mkalimani wa kazi. Nami nikaongeza sharti: mimi na Eli tusiwemo chumbani. Hasa mimi. Uso wangu usionekane kabisa.

Eli kakubali kwa shingo upande.

Jumanne, 17 Februari

Mkalimani ni mama wa Kikongo mwenye kitambaa kizuri cha kichwa. Waliingia, mlango ukafungwa, mimi na Eli tukabaki kwenye korido na mashine ya kahawa.

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Kisha Eli akasema, huku anaitazama mashine, kwamba Baba alipoanza kuchanganya majina kwenye simu, yeye alisema ni uzee tu. Alimwambia Mama asijitie wasiwasi. Akanunua tiketi ya kwenda nyumbani wakati wa Pasaka. Baba hakufika Pasaka.

Nilijua alichelewa mazishi. Hilo la majina sikulijua. Nikamnunulia kahawa. Ilikuwa mbaya mno, akainywa yote.

Tulisikia kicheko ndani. Cha Mama. Eli akanitazama, nikainua mabega.

Daktari alituita. Amempima kila kitu upya. Kumbukumbu ni ya mtu wa umri wake, tena nzuri. Haoni watu, hasikii sauti. Ana huzuni ya mjane, na mkalimani amemweleza daktari vizuri kwamba kumpa marehemu habari ni adabu tu, hata kwao wapo wanaofanya hivyo. Magoti ndiyo ya kuangaliwa. Karatasi zangu kazitoa kwenye rundo lake na kunirudishia mkononi, kwa upole. Afadhali angenizaba kibao.

Nje nilimuuliza Mama walimuuliza nini hadi akacheka. Akasema yule mama wa Kikongo alimuuliza Baba alikuwa mtu wa namna gani. Tangu aje Kanada hakuna aliyemuuliza hilo.

Eli alifunga mkanda wa Mama kwenye gari, kitu ambacho Mama anakiweza. Mama akamwacha afunge.

Alhamisi, 19 Februari

Semina. Nimesimama bila sura ya tatu.

Niliwaeleza ilivyokuwa, kuanzia ndizi. Bila jina la Mama, ila walijua. Nikasema tumezoea kuuliza maandishi ya Waingereza yalimfundisha K. nini, na mimi nadhani yalimfundisha kuwauliza watu wanaompenda maswali yasiyo na nafasi ya kumpenda. Mzee mmoja mstari wa mbele akasema hiyo si hoja, ni masikitiko. Nikamwambia anaweza kuwa sawa. Kuna kijana aliuliza kama Mama atakubali kuhojiwa upya. Nilimjibu vibaya. Sijutii.

Profesa alisubiri watu watoke. Akaja kuniambia niandike hivyohivyo nilivyosema. Nitachelewa muhula mzima, pengine zaidi. Kichwa kinaniuma nikifikiria. Akaongeza kwamba sasa angependa ua lake.

Nikamwambia ua lina kazi. Hakuelewa. Nikamuahidi jingine.

Jumapili, 22 Februari

Mama kaongea na Baba leo. Sauti ya chini, lakini kaongea. Sikusimama nyuma ya mlango. Nilikaa sebuleni, wazi, naye akaniona na hakuacha. Alimwambia Eli amefunga mkanda. Alimwambia magoti. Akamwambia Neema, yaani mimi, amefeli kidogo shule lakini si kwa ujinga, na ukweli kamwambia mwalimu wake mbele za watu.

Sikujua kama alijua hayo ya semina. Nani kamwambia? Wanjiru, bila shaka.

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 28 Februari

Mama yuko Markham hadi keshokutwa. Eli kamfuata mwenyewe, kamletea viatu vya theluji vya kahawia. Mama kasema vinambana. Kavivaa.

Theluji tangu asubuhi. Mwenye mbwa amepita chini na mbwa wake. Nimeandika ukurasa mmoja kuhusu bakuli la wali, polepole, na sijaufuta.

Nilichemsha chai. Nikatia tangawizi nyingi, kwa mazoea ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeshainua kikombe, nikakiweka. Nikaenda dirishani kwenye ua na kumwaga kidogo. Nilijisikia mjinga. Nikavuta kiti.

Nikamwambia Baba kwamba Mama yuko kwa Eli, analala chumba cha watoto, viatu vinambana. Kwamba Eli bado ana hofu na tunamwangalia. Kwamba nyanya zimepanda tena. Kwamba sura ya tatu imebaki ukurasa mmoja, na sijaolewa, ila hilo ameshasikia.

Hakujibu. Nami sikumuuliza kitu. Nikakaa pale mpaka chai ikaisha.